Kipimo cha Damu Kitangulie Kopo la Vitamini

Mdogo wangu alishikwa na hofu kwa mara ya kwanza ndani ya feri ya Likoni, Mombasa, saa moja asubuhi, watu wamebanana. Moyo ulimwenda mbio, vidole vikamfa ganzi, akaamini kwamba mauti yamemfikia. Hofu hiyo ilipomrudia mara ya tatu aliingia katika duka la dawa mjini, akaeleza hali yake, akauziwa kopo la vitamini B kwa shilingi 3,500. Hakuulizwa anakula nini, wala hedhi yake ikoje, wala kama amewahi kupimwa damu.

Sisemi kwamba chakula hakihusiani na utulivu wa akili. Kinahusiana sana, na hiyo ndiyo sababu ya hasira yangu. Mwili hutumia vitamini B6 kutengeneza serotonini na GABA, kemikali zinazousaidia ubongo kutulia, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walieleza kwamba vijana waliomeza miligramu 100 za B6 kila siku kwa mwezi mmoja walihisi wasiwasi umepungua. Nakubali, ingawa nafuu yenyewe ilikuwa ndogo ikilinganishwa na ile inayotarajiwa kutokana na dawa. Lakini mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1.3 tu kwa siku, na B6 nyingi ikimezwa kwa muda mrefu huharibu neva na kuleta ganzi ya mikono na miguu, yaani ganzi ileile iliyomtia mdogo wangu hofu.

Hospitali walipompima, hemoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 8 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito hutarajiwa kuwa na 12 au zaidi. Damu inapopungua kiasi hicho, moyo hulazimika kupiga haraka ili oksijeni ifike mwilini, pumzi hukatika kwa kupanda ngazi chache tu, na kichwa huwa chepesi. Aliyekwisha kuingiwa na hofu huyasikia mapigo hayo akadhani anakufa, na kudhani huko kukayazidisha mapigo. Ni wanawake wangapi wa mitaa yetu walioambiwa wana jini, au wana husuda, au wapunguze mawazo, na kumbe hakuna aliyewahi kuwatoa tone la damu? Upungufu wa vitamini B12 na maradhi ya tezi ya shingo nayo huweza kumfanya mtu ahisi hivyohivyo, na yote hayo hupimwa.

Tulipokaa tukahesabu alichokuwa akila, nililia. Asubuhi alitoka na chai ya rangi tupu, mchana akala viazi karai na chai nyingine, na usiku wali kidogo, kwa kuwa amechoka. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, hasa yale yatokayo kwenye mboga na kunde. Kwa shilingi 3,500 nyumba yetu hununua katika soko la Kongowea mbaazi, mchicha, dagaa na ndimu za siku kadhaa, na ndimu hiyo iliyokamuliwa juu ya mchicha huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma. Aliandikiwa pia vidonge vya madini ya chuma, kwa sababu damu ikishuka hivyo chakula peke yake hakitoshi.

Kahawa chungu nayo humwamshia hofu mwenye tatizo hili. Kuhusu muguka (majani ya kuchangamsha yanayotafunwa kama miraa), ambayo Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku Mei 2024 kabla ya mahakama kusimamisha amri hiyo, niseme tu kwamba kichangamshi hakimfai mtu ambaye moyo wake tayari unakimbia.

Damu yake imerudi. Hofu imepungua, haikuisha, na kwa hiyo anaonana na mshauri nasaha anayemfundisha kubaki palepale hadi mapigo yashuke, badala ya kukimbia. Wapo wanaohitaji dawa za daktari pia, na nawasihi wasiziache kwa sababu ya kopo lolote.

Jumatatu nilirudi katika duka lile nikiwa na karatasi ya maabara. Nilimwomba muuzaji kwamba binti mwingine akija na malalamiko hayo amuulize kwanza kama amepimwa damu, na kama hajapimwa, amwelekeze maabara kabla ya kupokea pesa yake. Aliisoma karatasi mara mbili, kisha akaniomba nimwachie nakala.