Bao halihitaji cheti cha daktari

Kiswahili hakiupi mchezo heshima kubwa. Jambo zito tunaliita "si mchezo", na mzembe huambiwa aache mchezo. Lakini anayemzidi mwenzake kibiashara amempiga bao, na goli la mpira nalo ni bao. Tunaudharau, kisha tunaazima maneno yake.

Alasiri katika Mji Mkongwe wa Unguja utawakuta wanaume barazani wameliinamia bao: mashimo 32, kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo lake kuu, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Je, wanapoteza muda?

Lawama hiyo si ya leo. Tanzania iliwahi kuitungia sheria: Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye uwezo awe na kazi halali. Rais wakati huo alikuwa Mwalimu Nyerere, naye (tusisahau) alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Hata hivyo siwacheki wanaolaumu. Nyumba ambayo unga umekwisha na baba yuko barazani tangu asubuhi, mama wa nyumba hiyo hana haja ya falsafa.

Watetezi hujibu kwamba bao linanoa akili. Ni kweli. Fundi huona kete zitakapokomea baada ya kuzunguka mara kadhaa, kabla hajatia mkono shimoni. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mafundi wa Zanzibar miaka ya 1990 kwa sababu ya uwezo huo huo. Ila utetezi huu unanikera. Ukishasema bao ni zuri kwa kuwa linanoa akili, umeligeuza kazi nyingine. Kesho ikija programu ya simu inayonoa zaidi, baraza livunjwe?

Mchezaji hana habari na akili yake. Kete ya mwisho imemwangukia kwenye nyumba yake: asimame hapo, au aivunje azisambaze? Watazamaji wanapiga kelele, kila mtu mjuaji. Nje ya ubao uamuzi huo hauna thamani ya hata shilingi moja, na ndiyo maana anaweza kuufanya kwa moyo wote. Hapo mchukuzi wa bandarini anaweza kumfilisi mwenye duka, akamtania mbele za watu, na kesho yake wakasalimiana kama kawaida. Sijui kazi gani inayotoa ruhusa hiyo.

Ninapowapa wanaolaumu haki yao ni mahali ambapo wenyewe hawagusi. Wanahesabu saa za barazani. Hawaulizi nani amezilipia. Wanawake nao huzungumza na kucheka alasiri hizo hizo, ila mara nyingi mikono iko kwenye ukili au mchele wa kuchambua, na mtoto yuko mapajani. Msichana hucheza rede na mdako mpaka siku anapoambiwa sasa umekuwa, ingia ndani usaidie. Kaka yake aliyekuwa akicheza gololi uani naye amekuwa. Amehamia barazani, na chai anapelekewa huko huko.