Kesi "imefutwa"? Imefutwa vipi?

Kichwa cha habari: "Mahakama yafuta kesi ya mamilioni". Chini yake aya nne zenye majina ya mawakili na picha ya jengo la mahakama. Huko mitandaoni watu wameshampongeza mdaiwa kwa ushindi, na wengine wanamhimiza mdai akate rufaa kesho asubuhi. Wote hao, mwandishi akiwemo, hawajui kama kesi imekufa au imetoka nje mara moja kufunga kamba za viatu.

Kila wiki ni hivyohivyo, na inaudhi, kwa sababu hilo neno moja ndilo linaloamua kama mtu bado ana haki ya kudai au hana.

Shauri likitupwa, maana yake mahakama imelimaliza. Mdai haruhusiwi kurudi na hati mpya juu ya madai yaleyale dhidi ya mtu yuleyule. Kilichobaki kwa kawaida ni rufaa. Shauri likiondolewa, mahakama imesema kilicholetwa mbele yake hakikustahili hata kusikilizwa: kimefunguliwa mahakama isiyo na mamlaka, au hatua ya lazima imerukwa. Hapo hakuna aliyeshinda. Rekebisha kasoro, lipa ada upya, rudi. Tofauti hii si ya jana. Iliwekwa wazi mwaka 1959 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Ngoni-Matengo, na mpaka leo mawakili wa Tanzania wanalitaja wakibishana kama rufaa itupwe au iondolewe.

Na "kufutwa" je? Kufutwa ni gunia. Kila kitu kinatiwa humo.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba waandishi si wakosaji peke yao. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kila mtu anatafsiri anavyojua, na hata amri zenyewe wakati mwingine husema "limefutwa" kisha zinanyamaza. Ndiyo maana usiishie kwenye neno. Chukua nakala ya uamuzi, nenda aya ya mwisho, halafu rudi nyuma utafute sababu. Sababu haidanganyi. Ikiwa ni ukomo wa muda, yaani muda wa kisheria wa kufungua shauri umepita, shauri limetupwa hata kama karani kakwambia vingine: Sheria ya Ukomo inaagiza shauri lililochelewa litupwe, hata mdaiwa asipolalamika. Ikiwa ni mamlaka ya mahakama, limeondolewa. Ikiwa ni hati ya madai isiyoonyesha sababu ya madai, hati imekataliwa, na kukataliwa huko peke yake hakumzuii mdai kuleta nyingine. Ikiwa mdai hakutokea siku ya kusikilizwa na mdaiwa alikuwepo, limetupwa, ila huyo harudi na hati mpya wala hakimbilii rufaa. Anaomba mahakama ileile ilirudishe, ndani ya siku 30, na aje na sababu ya maana ya kutofika.

Sasa kuna mtego ambao hata wanaojua tofauti hiyo huingia. "Limeondolewa" linasikika kama habari njema: mlango uko wazi. Sawa, lakini saa ya ukomo haikusimama kwa kuwa tu ulikuwa unahudhuria mahakamani. Madai ya mkataba yana miaka 6, madhara kama kashfa au uzembe miaka 3, ardhi miaka 12.

Chukua mfano. Halmashauri inavunja mkataba na mkandarasi Machi 2018. Mkandarasi anafungua shauri Januari 2024, miezi miwili kabla ya muda kwisha, bila kutoa notisi ya siku 90 na bila kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, hatua mbili za lazima unapoidai halmashauri. Juni 2024 pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria kwamba shauri lisisikilizwe, linakubaliwa na shauri linaondolewa. Mkandarasi anatoka akitabasamu kwa sababu wakili kamwambia "tutafungua upya". Upya lini? Miaka 6 iliisha Machi. Akirudi vivi hivi, mara hii shauri linatupwa kweli.

Hapo hawezi kuiomba mahakama imwongezee muda. Muda wa rufaa na wa maombi mahakama inaweza kuuongeza. Wa kufungua shauri, hapana. Sheria ya Ukomo imempa Waziri wa sheria uwezo huo, na hata yeye hazidishi nusu ya muda wa kawaida, yaani miaka 3 juu ya ile 6. Njia nyingine ni kuomba ule muda uliopotea kwa nia njema katika mahakama isiyoweza kusikiliza shauri usihesabiwe, na ombi hilo lina masharti yake. Msingi wa kuepuka ukomo lazima uandikwe ndani ya hati mpya ya madai yenyewe. Ukiukumbuka siku ya kujibu pingamizi, umechelewa.

Halafu kuna mdai anayeliondoa shauri mwenyewe. Akiliondoa bila ruhusa ya kufungua jingine, amejifungia mlango. Akipewa ruhusa, Amri ya XXIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inahesabu ukomo kana kwamba lile la kwanza halikuwahi kufunguliwa. Watu huisoma ruhusa hiyo kama zawadi ya muda. Haina hata siku moja ndani yake.

Mengine niyaseme harakaharaka kwa kuwa yananikera vilevile. Kwenye kesi ya madai hakuna "mshtakiwa" wala "kukutwa na hatia". Kuna mdaiwa na kuna kuwajibika. Zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha jambo wakati kesi ikiendelea, si ushindi: halitolewi kwa zaidi ya miezi 6, na hata likiongezwa jumla haivuki mwaka 1. Wito si mwaliko wa harusi. Ukishaupokea una siku 21 za kuwasilisha majibu ya madai, na ukikaa kimya utasikia hukumu ya upande mmoja ikisomwa bila wewe.

Kwa waandishi, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuandika "yafuta", muulize wakili wa mdai swali moja: mnarudi na hati mpya au mnakata rufaa? Akijibu hati mpya, usiandike kwamba mdaiwa ameshinda. Akijibu rufaa, mwombe tarehe ya uamuzi, maana siku zake za kukata rufaa zimeshaanza kuhesabiwa.