Haiti: Kikrioli cha nyumbani, Kifaransa cha cheti

Tangazo la uhuru wa Haiti, la Januari 1, 1804, liliapa kuwakana Wafaransa milele. Liliandikwa kwa Kifaransa. Umati uliopigana vita vya kujikomboa kutoka kwa Ufaransa, wengi wao watumwa wa jana, ulizungumza Kikrioli. Ubishi wa leo kuhusu lugha ipi iwafundishe watoto wa Wahaiti ulizaliwa siku ileile.

Wapo wanaodai Kikrioli ni Kifaransa kilichovunjika. Hao hawanisumbui. Maneno mengi yametoka Ufaransa, sikatai, lakini tazama: *m te manje, m ap manje, m pral manje*. Kitenzi *manje* hakiguswi. Wakati unabebwa na *te*, *ap* na *pral*, katikati ya mtendaji na tendo. Sisi wa nilikula, ninakula, nitakula tuna haja gani ya kufafanuliwa?

Wanaonisumbua ni wazazi. Mageuzi ya waziri wa elimu Joseph Bernard, yaliyoanza mwaka 1979, yalipoingiza Kikrioli katika shule za msingi, wengi walipinga, na si matajiri pekee. Maskini naye aliuliza: mnataka mwanangu abaki shambani? Wenye nazo wao walishazungumza Kifaransa mezani, hawakuwa na cha kupoteza. Swali hilo halina ujinga wowote. Hata huku kwetu kuna mzazi anayekopa ada ili mtoto afundishwe kwa Kiingereza, na huyo huyo jioni anakisifia Kiswahili.

Ila mtoto anayekutana na Kifaransa kwa mara ya kwanza ubaoni hukariri kama kasuku. Anaimba ukurasa mzima. Ukimwuliza maana, anatazama chini. Kwa hiyo nipo upande wa Kikrioli: asome na kuhesabu kwa lugha anayoielewa, Kifaransa afundishwe kama somo, na kifundishwe vizuri. Wahaiti wenyewe husema *pale franse pa di lespri*, kuongea Kifaransa siyo kuwa na akili.

Lakini lawama zisiishie kwa wazazi. Katiba ya 1987 inasema Kikrioli ndicho kinachowaunganisha Wahaiti wote, ikakifanya lugha rasmi sambamba na Kifaransa. Kifungu cha 40 kinaitaka serikali itangaze sheria zake kwa lugha zote mbili. Fungua *Le Moniteur*, gazeti lake rasmi: kurasa kwa kurasa, Kifaransa. Mzazi naye ana macho.