Rivulasi wa mikoko: FST kubwa haimaanishi makundi yametengana zamani

Rivulasi wa mikoko, Kryptolebias marmoratus, ni samaki mdogo wa pwani za Florida, Bahamas, Belize na visiwa vya Karibi. Hukaa sehemu za juu za mikoko zinazofikiwa na maji ya bamvua, mara nyingi ndani ya mashimo ya kaa. Shimo likikauka, hutoka na kujibanza chini ya majani au ndani ya gogo lililooza, akipumua kwa ngozi. Anaweza kumaliza miezi miwili nje ya maji.

Wengi wao ni huntha wanaorutubisha mayai yao wenyewe tumboni, jambo lililobainishwa na Harrington mwaka 1961. Madume, wenye rangi ya chungwa, ni wachache, na majike halisi hawajulikani. Kila uzazi wa kujirutubisha hupunguza kwa nusu sehemu za vinasaba zenye aleli (yaani matoleo ya kinasaba kimoja) mbili tofauti. Baada ya vizazi 10 hubaki chini ya sehemu moja kati ya elfu ya kiwango cha mwanzo.

FST, kipimo cha tofauti za vinasaba kati ya makundi, ikionyesha makundi jirani yametofautiana sana, wapo wanaosema kila kundi lihesabiwe na kulindwa peke yake. Wana hoja nzito. Mayai ya samaki huyu hunata, hayaelei baharini, na mikoko yenyewe imekatikakatika. Wengine hujibu kwamba tofauti hiyo imezalishwa na namna ya kuzaana, wala haisemi makundi yameachana tangu lini.

Mimi naegemea upande wa pili, kwa sababu ya hesabu. FST ni tofauti ya jumla ukitoa tofauti ya ndani ya makundi, kisha ukagawanya kwa jumla; tofauti hapa ni uwezekano wa aleli mbili zilizochukuliwa kwa bahati kutofanana. Chukua makundi mawili yenye aleli zilezile mbili, moja likiwa na aleli ya kwanza kwa takriban asilimia 95 na jingine kwa asilimia 5. Tofauti ya ndani ni 0.1, ya jumla 0.5, FST 0.8. Sasa chukua makundi mawili yasiyoshiriki aleli hata moja, lakini kila moja lina aleli nyingi na tofauti ya ndani ya 0.85. Ya jumla inakuwa 0.925, FST 0.08 tu! Waliotengana kabisa wanaonekana ndugu, na wenye aleli za pamoja wanaonekana mbalimbali. Samaki mmoja anaweza kusafirishwa na dhoruba akaanzisha kundi peke yake. Kundi hilo changa litatoa FST kubwa ilhali utengano wake ni wa juzi.

Kwa hiyo kabla ya FST, pima kiwango cha kujirutubisha, s. Kundi likishatulia, F, yaani upungufu wa samaki wenye aleli mbili tofauti, = s/(2−s): s ya 0.9 hutoa F ya karibu 0.82. Hapa ndipo wengi huteleza. Aleli isiyosomeka maabara humfanya samaki aonekane ana aleli moja, na upungufu huo hufanana na kujirutubisha. Zitenganishe hivi: kujirutubisha huathiri sehemu zote za vinasaba kwa pamoja, aleli isiyosomeka huathiri sehemu moja au mbili. Ukiona sehemu moja ina F ya 0.9 na nyingine ziko karibu na 0.2, ibadilishe kitangulizi chake (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha usomaji wa sehemu hiyo) kabla ya kuandika lolote.

Sampuli nazo: kata milimita 2 za pezi la mkia (huota tena), hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95, na uibadilishe baada ya saa 24 kwa kuwa maji ya tishu huipunguza nguvu. Safisha mkasi kila samaki. Lenga samaki 25 hadi 30 kwa eneo, wakitoka mashimo mengi. Ukiwachukua wote katika mashimo mawili, huenda umepima ukoo mmoja na kuuita kundi zima.

Wanaotaka kulinda kila kundi wako sahihi katika jambo moja zito. Huko Twin Cays, Belize, madume si haba na samaki wengi wana aleli mchanganyiko, tofauti na Florida ambako karibu wote ni wa aleli moja. Na imeonekana Belize kwamba waliozaliwa kwa kuchanganyika hubeba vimelea vichache kuliko waliotokana na kujirutubisha. Kama fedha za hifadhi ni kidogo, ningeanza na mikoko yenye madume, hata kama FST yake ni ndogo.