Mfalme alibaki, mawaziri wakaondoka: nani aliitendea haki Ubelgiji?

Alfajiri ya Mei 25, 1940, katika kasri la Wynendaele huko Flanders, mawaziri wanne wa Ubelgiji walimsihi Mfalme Leopold wa Tatu aondoke nao. Wajerumani walikuwa wamevamia siku 15 tu kabla. Ngome ya Eben-Emael, iliyohesabiwa miongoni mwa ngome imara kabisa Ulaya, ilitekwa na askari walioshuka juu ya paa lake kwa ndege zisizo na injini. Sasa jeshi lilikuwa limebanwa kwenye mto Lys. Mfalme alikataa kuondoka. Mei 28 alisalimu amri na kuwekwa kizuizini katika kasri la Laeken, huku Waziri Mkuu Hubert Pierlot na waziri wa mambo ya nje Paul-Henri Spaak, wakiwa Ufaransa, wakitangaza kwamba hawezi kutawala akiwa mikononi mwa adui.

Ugomvi huo uliwagawa Wabelgiji kwa miaka kumi, na hukumu ya upande wowote si nyepesi.

Nianze na mfalme, kwa sababu ndiye aliyetukanwa zaidi. Waziri Mkuu wa Ufaransa, Paul Reynaud, alimshambulia redioni siku ileile kana kwamba amewauza washirika wake. Hilo halikuwa haki. Jeshi la Ubelgiji lilipigana siku 18 dhidi ya adui aliyelizidi kwa ndege na vifaru, na upinzani wake kwenye mto Lys uliwapa Waingereza muda wa kujikusanya kwenye bandari ya Ufaransa ya Dunkirk. Barabara zilikuwa zimejaa wakimbizi na risasi zilikuwa zinakwisha. Leopold alikuwa pia amiri jeshi mkuu, na aliona aibu kupanda meli huku askari wake wakienda kufungwa. Wanaosema kosa lake lilikuwa kubaki tu watazame Denmark: Mfalme Christian wa Kumi naye alibaki, akawa anapita barabarani Copenhagen juu ya farasi bila walinzi, na raia wake wakampenda zaidi. Mfalme Haakon wa Norway na Malkia Wilhelmina wa Uholanzi walikimbilia Uingereza, nao wakapendwa.

Kilichomharibia Leopold ni alichokifanya baada ya kubaki. Novemba 19, 1940 alikwenda Berchtesgaden, Ujerumani, kuonana na Hitler. Aliomba mateka wa vita waachiwe na akataka uhakika juu ya uhuru wa nchi, akarudi karibu mikono mitupu. Wajerumani waliwaachia mateka wengi wa Flanders, kaskazini kunakozungumzwa Kiholanzi, lakini makumi ya maelfu ya Wawalloni, watu wa kusini wanaozungumza Kifaransa, wakabaki kambini hadi mwisho wa vita. Fikiria basi mke wa Mwalloni, mume wake yuko kambini Ujerumani, anaposikia Desemba 1941 kwamba mfalme, naye akijiita mateka, ameoa. Tena ameoa baada ya Malkia Astrid, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1935 na kuombolezwa nchi nzima. Kisheria ndoa ile haikuwa usaliti. Kisiasa ilimmaliza.

Halafu kuna ukimya wake. Kuanzia Agosti 1942 hadi Julai 1944 treni zilitoka kambi ya Dossin, Mechelen, zikibeba Wayahudi zaidi ya 25,000 kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz. Polisi wa Antwerp walisaidia kuwakamata. Mameya wa Brussels walikuwa wamekataa kuwagawia nyota ya njano, alama ambayo Wayahudi walilazimishwa kuivaa. Aprili 19, 1943 vijana watatu waliisimamisha treni moja usiku wakiwa na bastola moja na taa waliyoizungushia karatasi nyekundu, wakafungua behewa. Kwa hiyo nafasi ya kufanya jambo ilikuwepo, hata kama ilikuwa finyu. Watetezi wa mfalme wanasema alituma barua na maombi ya faragha kwa wakubwa wa Kijerumani, na ni kweli. Ila raia hawakuzisoma barua hizo. Na wasia wake wa kisiasa wa Januari 1944, uliosomwa na mawaziri baada ya ukombozi, uliwataka wao waombe radhi, bila hata neno la shukrani kwa wapiganaji wa chinichini.

Je, mawaziri? Hoja yao ya kikatiba ni nzito: Ubelgiji mfalme hatawali bila saini ya waziri, na serikali iliyo huru ndiyo inayoweza kuendelea na vita. Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Ufaransa ilipoanguka Juni 1940, Pierlot na Spaak walivunjika moyo, wakatafuta njia ya kurudi nyumbani na kupatana na mfalme, naye hakuwapokea. Walifika London Oktoba tu, baada ya kutoroka Hispania wamejificha ndani ya lori. Miongoni mwa waliowatangulia kufika London alikuwa waziri wa makoloni, Albert De Vleeschauwer. Hilo linaeleza mengi.

Serikali ile ya uhamishoni ilikuwa na uzito mezani kwa sababu ilikuwa na Kongo. Shaba na bati vilitoka huko, na urani ya Shinkolobwe iliingia katika mpango wa bomu la atomiki la Marekani. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waliwashinda Waitaliano huko Saio, Ethiopia, Julai 1941. Mwaka 1942 siku za kazi za lazima kwa wanavijiji zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Desemba 1941, Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, katika jimbo la migodi la Katanga, wafanyakazi wa migodi waliogoma wakidai mishahara walipigwa risasi uwanjani, na makumi wakafa. Huko Ulaya ubishi ulikuwa juu ya nani aliilinda heshima ya taifa. Watu waliogharamia heshima hiyo Katanga hawakuulizwa na mfalme wala na mawaziri.

Ukombozi wenyewe ulikuja kwa kasi. Waingereza waliingia Brussels Septemba 3, 1944 na Antwerp kesho yake, na wapiganaji wa chinichini wakaiokoa bandari isilipuliwe. Furaha haikudumu: Desemba Wajerumani walirudi kupitia Ardennes, na roketi moja ikaua watu zaidi ya 500 katika jumba la sinema la Rex, Antwerp. Leopold hakuwepo. Wajerumani walikuwa wamemhamisha Juni, na ndugu yake Charles akawa mtawala wa muda.

Binafsi naona Leopold alistahili kusamehewa kwa Mei 28, na hakustahili kurudi. Kura ya maoni ya Machi 12, 1950 ilimpa asilimia 57.7: Flanders asilimia 72 walimtaka, Wallonia 42 tu. Kwa hesabu alishinda. Lakini mfalme wa nusu ya nchi si mfalme, na aliporejea Julai migomo ilizima viwanda vya Liège. Julai 30 polisi walifyatua risasi Grâce-Berleur, karibu na Liège, na kuua. Siku mbili baadaye alikubali kung'atuka, na Agosti 11 madaraka yakaenda kwa mwanawe Baudouin, kijana wa miaka 19.