Mtoto Anayenyamaza Darasani

Katika shule za kimataifa kuna sentensi inayojirudia kwenye ripoti: "Ana uwezo, ila ashiriki zaidi darasani." Mzazi aliyemlea mwanawe asiropoke mbele ya wakubwa huisoma mara mbili, asione kosa liko wapi.

Walimu wana hoja. Mpango wa International Baccalaureate, mtaala unaofuatwa na shule nyingi za kimataifa, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968, unataka mwanafunzi awe mdadisi, ajue kujieleza na athubutu kujaribu. Asiyezoezwa kusema ataumia mbele ya safari, na shule hiyo mzazi aliichagua mwenyewe.

Lakini hebu tuitazame nafasi anayopewa huyo mtoto. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 tu. Sekunde moja! Humo ndani, mtoto anayesoma kwa lugha yake ya tatu alielewe swali, atafute jibu, alivike maneno ya kigeni, kisha ajipe moyo wa kuyatamka mbele ya wenzake waliozaliwa na lugha hiyo. Na kama nyumbani amefunzwa kupima neno kabla ya kulisema, kupima kwenyewe hakujaanza, mkono wa mwingine uko juu na swali limeshapita. Rowe aliona kwamba walimu wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka, na hata waliodhaniwa wazito huanza kuchangia. Watoto ni walewale.

Kinachowapotosha walimu ni uwanja wa michezo. Wanamsikia huko akipiga soga bila shida, wanahitimisha kuwa darasani anazembea. Mtafiti wa lugha Jim Cummins alionyesha kuwa kwa mtoto anayejifunza lugha mpya, lugha ya maongezi hushikika kwa takriban miaka 2, ile ya masomo huchukua 5 hadi 7.

Mzazi naye husomwa vibaya hivyohivyo. Anakuja kikaoni, anaitikia, anasema "mwalimu ndiye ajuaye," anaondoka. Anaandikwa kuwa hajali. Kumbe ameikabidhi shule imani yake yote.

Kumwacha mtoto bubu sikubali. Apewe swali mapema, aandike kwanza, azungumze na mwenzake mmoja kabla ya darasa zima. Ila zile alama za ushiriki zinazohesabu mikono iliyowahi kuinuka, kwangu mimi zinapima kasi, na zinawaadhibu watoto kwa adabu waliyofunzwa na wazazi wao.