Usifunike granito kwa karo

Kila nikipita mtaa wa Nyawera, hapa Bukavu, nikakuta gari linashusha maboksi ya karo, yaani vigae vya sakafu, mbele ya nyumba ya zamani, moyo unaniuma. Najua kinachofuata. Sakafu ya granito iliyokanyagwa na babu, baba na wajukuu itatobolewa kwa patasi ili simenti mpya ishike, halafu itafunikwa, na mwenye nyumba atasema amerekebisha. Bukavu tuna nyumba nyingi zilizojengwa wakati mji ukiitwa bado Costermansville, kabla ya 1954. Wageni wanakuja kupiga picha kuta zake za mviringo na baraza zake, na sisi wenyewe tunazika kilicho chini ya miguu.

Granito si rangi, wala si kitu kilichobandikwa. Ni simenti iliyochanganywa na vipande vya marumaru, ikamwagwa papo hapo, na ilipokauka ikasagwa mpaka matumbo ya mawe yakaonekana. Waitalia wa Venice na Friuli waliianza kwa kuokota mabaki ya marumaru yaliyokuwa yakitupwa. Tabaka lenyewe huwa na unene wa sentimita moja au zaidi. Kwa hiyo ikifubaa, kilichofubaa ni uso tu. Toa chini ya milimita moja, utakuta granito ileile, na rangi zake zote.

Haya nimeyaona nyumbani kwetu. Mama alikuwa akipaka nta nyekundu kila Jumamosi, miaka na miaka, hadi kolido ikawa nyeusi kama masizi. Baadaye tukapangisha. Mpangaji mmoja alitaka kuondoa matone ya simenti, akamwaga asidi. Asidi inakula marumaru, na simenti pia. Mbele ya mlango wa jikoni sakafu ikawa inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Juu ya hayo kulikuwa na ufa wa tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, unaokatiza sebule nzima.

Yaya wangu, mkubwa wetu, aliniambia: «Mdogo wangu, weka karo, kesho kutwa tumemaliza.» Nilikataa. Nilimtafuta fundi masoni mzee aliyejifunza kazi hii kwa baba yake, naye akakubali kuja na kijana mmoja wa kumsaidia.

Siku mbili za kwanza hawakugusa mashine ya kusagia. Walitoa nta kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kwa sababu nta inaziba diski zake, na joto likiipata inarudi kupakaa sakafuni. Kisha mzee akaufungua ufa, akausafisha, akaujaza simenti nyeupe iliyotiwa rangi ya udongo pamoja na kokoto alizozichagua moja moja kwa mkono. Akatuambia tungoje wiki nzima. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Kiraka kibichi kikisagwa, kokoto zinang'oka.

Kusaga ni ngazi, na hairukwi hata moja. Diski ya almasi namba 50, iliyo kali zaidi, kwanza, halafu zile laini zaidi na zaidi: 100, 200, 400, 800. Kila namba inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Ukitoka 50 ukaenda 400, sakafu itang'aa, lakini jua la saa kumi likiingia dirishani utaona miduara kila mahali. Baada ya namba 100 walipaka uji wa simenti kuziba vitundu vidogo, wakaacha ukauke, ndipo wakaendelea. Pembeni, mashine isipofika, kijana alipiga magoti na jiwe la mkono. Umeme ulikatika mara nyingi, tukafanya kazi usiku uliporudi.

Naomba mtu yeyote asisage granito kavu. Vumbi la simenti na mchanga linabaki kwenye mapafu maisha yote. Sagia kwenye maji, na tope lake usilimwage mtaroni. Sisi tuliliacha litulie kwenye ndoo, maji yakajitenga, na lililobaki likaganda kama jiwe. Mitaro yetu ya mteremkoni imeshaziba vya kutosha, na mvua inabeba kila kitu hadi ziwani.

Sikatai kwamba kazi hii inachukua muda na pesa. Na kama sakafu imezama au inatoa mlio wa utupu kila mahali, ivunjwe, sitabishana. Lakini karo nazo nimeziona zikiachia baada ya miaka michache, na sakafu iliyopandishwa inakulazimisha kukata milango yote upande wa chini. Granito yetu sasa inataka maji na sabuni laini tu, na kitambaa mlangoni cha kufutia mchanga. Siki, ndimu na asidi haviingii tena nyumbani humu.

Siku ya mwisho shangazi aliingia, akasimama kwenye kolido, akavua viatu. Alikuwa hajui kwamba chini ya ule weusi kulikuwa na kokoto za kijani.

Bado chumba cha nyuma. Pale kuna shimo la upana wa sahani, na kokoto za kijani zimetuishia. Wewe unayebomoa nyumba ya zamani Muhumba au Nyawera, usitupe vipande vya granito korongoni. Niwekee kandokando ya ukuta, nitakuja na mfuko wangu.